Siri Ambayo Mji Mzima Unaijua: uchambuzi wa mswada mmoja wa mapenzi kutoka Elburgon

Mswada uko hivi. Januari 2019, Nanjala, mwalimu wa Hisabati kutoka Lugari, anashuka matatu Elburgon akiwa na barua ya TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, begi na godoro lililokunjwa. Anapanga chumba kwenye ploti ya Mama Flo. Anakutana na Daudi, kijana anayeleta maziwa shuleni kwa pikipiki, na kufikia sura ya tano wanapendana. Kufikia sura ya kumi na mbili anagundua kwamba shamba wanakolishwa ng'ombe wa kina Daudi, ekari 5 zinazopakana na msitu, lilikuwa la marehemu babake, ambaye alilikimbia wakati wa mapigano ya kikabila ya mwaka 1992. Anagundua vipi? Kuna mzee anayekata roho, chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati, na ndani ya sanduku kuna barua iliyofungwa utepe mwekundu.

Kwenye huo utepe ndipo nilipoacha kusoma, nikampigia mwandishi simu.

Mwandishi huyu ni mwalimu, na amekubali nijadili kazi yake bila kutaja jina lake wala la riwaya. Sentensi zake zinatembea vizuri. Anajua jinsi asubuhi ya Elburgon ilivyo, ukungu unaposhuka kutoka Mau mpaka watoto wa shule waonekane miguu tu. Anajua bei ya gunia la viazi hupandishwa na kuteremshwa na nani. Yote hayo ni mali. Tatizo lake lilikuwa moja, nalo ndilo linaloziangusha riwaya nyingi za aina hii, za mgeni anayeingia mji mdogo wenye siri: alidhani siri ni kitu ambacho watu hawakijui.

Elburgon iko kwenye reli ya kwenda Kisumu, baada ya Njoro na kabla ya Turi na Molo. Ulikuwa mji wa mbao kabla ya kuwa wa kitu kingine chochote, na hata leo nyumba nyingi za zamani kuta zake ni mbao tupu. Jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Ukinunua nyama kilo moja Jumanne, kufikia Jumatano umeulizwa wageni walifika salama. Katika mji wa namna hiyo shamba la ekari 5 linahama mikono mwaka 1993, mwenyewe akiwa amekimbia, na mwandishi anataka tuamini kwamba anayejua ni mzee mmoja na sanduku lake? Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo ana 51 riwaya inapoanza. Huyo ndiye anayeuza sukuma sokoni, ndiye mzee wa kanisa, ndiye anayeketi kwenye halmashauri ya shule. Wote wanajua. Asiyejua ni Nanjala peke yake.

Mwandishi alipokubali hilo, kitabu kilibadilika chote. Msomaji haulizi tena "nini kilitokea?" Anauliza nani atakuwa wa kwanza kumwambia, na atapoteza nini akisema.

Kabla ya kufika huko kulikuwa na shimo jingine la kuziba, la kiofisi. Kenya, ukitaka kujua shamba ni la nani, unakwenda kwa msajili wa ardhi Nakuru na namba ya shamba, unalipa ada ndogo, unapewa karatasi. Karatasi hiyo inataja mwenye hati na siku aliyoandikishwa. Nanjala ni mwalimu wa Hisabati, si mtoto. Ana risiti ya zamani ya kampuni ya kununua ardhi aliyoiona kwenye makaratasi ya babake baada ya mazishi mwaka 2017, na jina la Elburgon limeandikwa juu yake. Mtu kama huyo angekwenda Nakuru Jumatatu, na Jumanne riwaya imekwisha.

Ushauri wangu ulikuwa aachwe aende. Sura ya nne, si ya kumi na mbili. Apate karatasi, aone jina la babake Daudi na mwaka 1993, arudi Elburgon amenyamaza. Msajili anaandika shamba lilihama lini na kwenda kwa nani. Haandiki nani alilazimishwa, nani alisimama wapi. Siri yenyewe inaanzia pale karatasi inapoishia, na sasa Nanjala naye ana lake la kuficha. Anapendana na Daudi akijua nusu ya habari, Daudi anajua nusu nyingine, na kila mmoja anaamini mwenzake hajui lolote. Hapo mapenzi yana moto.

Risiti hiyo ilitusaidia pia kuondoa bahati ya kupindukia. Katika rasimu ya kwanza TSC ilimpeleka Elburgon kwa sadfa tu. Lakini wakati huo nafasi za walimu wa sekondari zilitangazwa pamoja na majina ya shule, mwombaji alipeleka maombi kwa katibu wa halmashauri ya shule yenyewe, na aliitwa mahojiano huko huko. Basi Nanjala aliichagua Elburgon mwenyewe. Tena wazee wa halmashauri walikuwa na fomu yake mezani, yenye majina yake yote, kabla hajakanyaga mjini. Angalau mmoja wao alilisoma jina la ukoo mara mbili kisha akampa alama nzuri. Kwa nini alimpa? Mwandishi hajasema, na nimemsihi asiseme.

Sasa Mama Flo, ambaye ndiye roho ya kitabu hiki, hata kuliko wapenzi wenyewe.

Rasimu ya kwanza ilimfanya amtambue Nanjala kwa alama ya kuzaliwa shingoni. Alama ya shingoni imeshatumika mno, ipumzishwe. Nilimuuliza mwandishi: mpangaji hulipaje kodi siku hizi? Kwa M-Pesa, bila shaka. Tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007, hakuna mpangaji nchini anayeweza kujificha nyuma ya jina la "Madam". Nanjala anatuma pesa za kuingilia nyumba, simu ya Mama Flo inalia jikoni, na ujumbe unaonyesha kiasi, saa, na majina ya mtumaji kama yalivyo kwenye kitambulisho. La mwisho ni la babake. Mama Flo ana miwani ya kusomea lakini haivai. Halazimiki; jina hilo anaweza kulisoma hata gizani.

Jioni hiyo, katika rasimu ya zamani, alizungumza hivi:

"Kuna siri kubwa katika mji huu, Nanjala," Mama Flo alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Lakini siwezi kukuambia."

Mwenye siri hatangazi kwamba anayo. Na hakuna mama mwenye ploti atakayemwita mwalimu mgeni kwa jina lake la nyumbani siku ya kwanza. Rasimu mpya inasoma hivi:

"Madam, kwenu ni Kakamega?"

"Kakamega, mama. Upande wa Lugari."

"Lugari." Mama Flo akageuza chapati. "Huko mahindi hufanya vizuri."

"Yanafanya."

"Na mama yuko?"

"Yuko."

"Na mzee?"

"Mzee alituacha mwaka juzi."

Mama Flo akaiondoa chapati kabla haijaiva upande wa pili. "Pole, mwanangu. Kodi ya Februari usihangaike nayo. Utalipa ukianza kupokea mshahara."

Maneno haya ungeyasikia kwenye ploti yoyote kuanzia Njoro mpaka Mau Summit. Anayesoma kwa mara ya kwanza anaona mama mkarimu. Anayerudia anaona kwamba aliuliza habari za mama kabla ya kuuliza za baba, na anajua sababu yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Huyu alikuja, wenyeji wakaanza kukosa usingizi.

Sababu ni bodi. Chini ya sheria ya mwaka 1967 inayodhibiti uuzaji wa ardhi ya kilimo, muuzaji na mnunuzi huomba idhini ya bodi ya ardhi ya eneo lao, na bila idhini hiyo mauzo ni batili. Waliowahi kwenda bodi wanaijua siku yenyewe: watu wamejaa nje ya ofisi tangu asubuhi, faili zinaitwa moja moja, na kwa desturi wanabodi huuliza mke yuko wapi na watoto wakubwa wanasemaje. Desturi hiyo imeokoa mashamba mengi ambayo waume walitaka kuyauza kimyakimya wakanywe.

Babake Nanjala aliuza. Hili mwandishi alilipinga mwanzoni, alitaka mzee abaki safi na kina Daudi wabaki wezi. Nilimwambia mwizi asiye na msaidizi ndani ya nyumba hutoa hadithi fupi. Mzee alikuwa Lugari, watoto wana njaa, na habari za mapigano ya Molo zilikuwa zile zile kila wiki. Babake Daudi, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, akampelekea bei mbovu, naye akaikubali. Mkewe akakataa katakata. Alisema hatakwenda bodi, na kwamba shamba ambalo halijauzwa mtu anaweza kulirudia. Basi siku ya bodi, mwaka 1993, afisa tarafa alipouliza "Mke yupo?" mwanamke mwingine alisimama kwenye benchi la nyuma akasema, "Niko."

Alikuwa Mama Flo. Alikuwa na miaka 27, mumewe amefutwa kazi, na alilipwa kwa mbao. Kwa mbao hizo alijenga vyumba vya kwanza vya ploti yake, na kimojawapo ndicho anacholala Nanjala. Nilidhani mwandishi amezidisha hapo, kisha nikakumbuka kwamba Elburgon watu walilipa mahari kwa mbao na ada za shule kwa mbao. Halijazidi.

Ila kilichonifanya niuamini mswada huu ni ukurasa unaofuata. Watu waliojaa ukumbini siku hiyo walimjua Mama Flo. Walikuwa wakinunua nyanya kwake. Walijua mume wake ni nani, na kwamba yule wa Lugari siye. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwandishi aliniuliza kwa nini wanyamaze wote, maana nilimkataza kutumia hofu peke yake. Hofu ni jibu linalotosha kwa mtu mmoja, halitoshi kwa ukumbi. Akakaa na swali hilo muda, kisha akaleta jibu bora kuliko nililokuwa nalo mimi: kila mtu mle ndani alikuwa na faili yake. Huyu anangoja kugawa shamba la baba, yule anangoja idhini ya mkopo, wa tatu naye amekuja na mke asiye wake. Ukimpinga wa kwanza, wewe utapingwa na nani zamu yako ikifika? Bodi hukaa mara moja kwa mwezi. Nani anataka kungoja mwezi mwingine kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuondoka?

Kwa hiyo ukimya wa mji una anwani. Hautokani na ubaya wa watu wa mashambani, kama riwaya za aina hii zinavyopenda kudokeza, eti mjini kuna uwazi na kijijini kuna giza. Kila aliyenyamaza alipata kitu siku hiyo, kidogo, halali kabisa kwake, na amekaa nacho miaka 26.

Kuhusu Daudi nitakuwa na maneno machache, maana alikuwa na kasoro ya kawaida: kifua kipana, macho makavu, hasemi. Mwanamume asiyesema bila sababu ni samani. Sababu ilikuwepo, haikuwa imeandikwa tu. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Viwanda vya mbao vya Elburgon vikanyamaza, vijana wakarudi kwenye viazi na bodaboda, na marufuku hayo hayakutangazwa kuondolewa mpaka Julai 2023, riwaya ikiwa imeshafungwa. Mashine za babake Daudi zinaota kutu. Kilichobaki kuilisha nyumba ni ng'ombe, na ng'ombe wako kwenye ekari zile 5. Mwaka 2016 Daudi angeweza kusema ukweli na bado akala. Mwaka 2019 hawezi. Mwandishi alikuwa ameitaja marufuku hiyo mara moja tu, kama habari ya redioni. Tuliihamishia mezani kwa kina Daudi, pale chai inapoanza kunywewa bila mkate.

Na amejuaje, yeye aliyekuwa mtoto mdogo 1993? Hapa mwandishi alikuwa na dhahabu asiyoijua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 familia ya Daudi nayo ilikimbia, na mwanzoni mwa 2008 ikalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine. Daudi alikuwa na miaka 18. Usiku mmoja, mvua ikiingia chini ya turubai, mamake akamwambia: hata shamba letu lina wenyewe waliolala hivi. Hakufafanua. Hakuhitaji.

Mandhari ya kukiri ikajipanga yenyewe. Katikati ya mwaka kuna maonyesho ya kilimo kwenye uwanja ule ule. Daudi anampeleka Nanjala kuwaona ng'ombe wa mashindano, sababu halali kabisa ya wawili kuonekana pamoja, na baada ya ng'ombe anampitisha nyuma ya mabanda mpaka mahali hema lao lilipokuwa. Watoto wanakula pamba ya sukari, spika zinatangaza mbolea. Anamwambia pale. Hapo awali alikuwa akimwambia kwenye daraja la reli wakati wa machweo. Hakuna kilichopotea kwa kulivunja daraja hilo.

Kinachoupa ukiri huo uzito ni sheria, na hapa naomba msomaji avumilie. Kenya anayedai ardhi ana miaka 12 ya kwenda kortini. Ikipita, mlango umefungwa. Kwa hesabu hiyo shamba la 1993 lilikwisha kuwa la kina Daudi mwaka 2005, na mwandishi alikuwa amepanga kesi kubwa ya mwisho ambayo wakili wa mwaka wa kwanza angeiua kwa dakika tano. Lakini sheria hiyo hiyo inasema palipo na ulaghai, hesabu haianzi mpaka aliyelaghaiwa aujue, au afike mahali ambapo angeujua kama angekuwa na bidii ya kawaida. Ulinzi upo kwa mnunuzi aliyetoa pesa bila kujua ulaghai. Babake Daudi si huyo, yeye ndiye aliyelipa mbao. Na mamake Nanjala, huko Lugari, hajui mpaka leo kwamba kuna mwanamke aliyejibu kwa niaba yake. Anaamini mume aliuza bila yeye kukubali, basi. Wakili mmoja angeona kesi hapo, mwingine angeipinga siku nzima. Riwaya haihitaji kesi inayoshinda. Inahitaji kesi inayoweza kufunguliwa.

Angalia sasa inavyomfanya Daudi. Siku anayosema ndiyo siku mlango wa kesi unapofunguka dhidi ya mamake, babake na ng'ombe wake. Babake amemwonya waziwazi: "Ukimwambia huyo madam, umefungua faili." Nilitaka Daudi akamwone wakili Nakuru kabla ya kusema, ili ajue bei yenyewe. Mwandishi akakataa. Mwanamume anayepitia kwa wakili kabla ya kukiri, alisema, hajapenda, amejikinga. Alishinda hoja hiyo, na onyo la baba likabaki peke yake, linatosha.

Kuna mahali hatukuelewana mpaka mwisho. Mswada hautaji kabila la mtu. Nanjala na Lugari vinajisemea, lakini kina Daudi wana majina ya ubatizo tu, na ya 1992 yanaitwa "mwaka ule". Mimi niliona ni kukwepa. Ripoti ya Tume ya Akiwumi, iliyoundwa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, iko wazi kwa umma tangu 2002, na Molo imo. Nilimwomba aisome, akaisoma, na matokeo yake yalikuwa kinyume cha nilivyotaka: aliondoa hata moto uliokuwa kwenye sura ya pili. Alibakisha lori, godoro, kuku waliofungwa miguu, na mtoto wa miaka miwili aliyepokezwa juu ya lori na mwanamke jirani ambaye yeye hakupanda. Jirani huyo ni nani? Tunafika sura ya kumi na saba kabla ya kujua kwamba ni Mama Flo. "Wewe unataka kitabu kiwe jasiri," aliniambia, "lakini mimi ndiye nitakayeingia darasani Jumatatu, na watoto wote wapo." Sikuwa na jibu. Bado naona mkosoaji mkali atamshika hapo.

Matukio ya mapenzi yenyewe sikuyagusa sana. Niliondoa busu moja kwenye stendi ya matatu, kwa sababu mwalimu wa kike anayepigwa busu stendi Jumapili anaitwa ofisini kwa mkuu wa shule Jumatatu, na mwandishi hakuwa na sura ya kuweka mkutano huo. Wapenzi wa miji hii huenda Nakuru Jumamosi, kila mmoja na matatu yake, na kondakta anajua hata hivyo. Hilo aliliandika kwa ucheshi mzuri, sikubadilisha neno.

Mama Flo anapokabiliwa, hajitetei. Nilitazamia machozi, nikapata hesabu: anamtajia Nanjala mbao zilikuwa ngapi, za urefu gani, ipi iko ukuta upi. Kisha anamwambia, "Nilikupandisha lori kwa mikono hii, na mwaka uliofuata nikamwibia mama yako jina kwa mdomo huu. Vyote ni mimi." Wasomaji wawili wa awali walitaka aadhibiwe. Mwandishi amemwacha kwenye ploti yake, na Nanjala anaendelea kulipa kodi pale mpaka muhula unakwisha, kwa sababu vyumba vingine karibu na shule havina maji. Naona ni uamuzi bora kuliko yote aliyoufanya bila mimi.

Mwisho ndio ulikuwa mgumu. Rasimu ya kwanza ilifunga kwa harusi: wanaoana, shamba linarudi kwa Nanjala kupitia mumewe, wote wanacheza. Ubaya wa mwisho huo ni kwamba harusi inafanya kazi ya hati. Shamba halijarudi; mwizi amepata mkamwana. Nilipendekeza Nanjala aweke zuio kwa msajili wa ardhi kabla ya kukubali posa, ili shamba lisiweze kuuzwa wala kuwekwa rehani wakati wazee wanazungumza. Mwandishi alicheka kwamba nimeua mahaba. Wiki iliyofuata akaniletea sura ambayo zuio limewekwa, Daudi anajua limewekwa, na bado amewaleta wazee wake Lugari.

Sura hiyo ni ya mahari, na mwandishi hajawahi kuandika vizuri kuliko hapo. Wazee wa Daudi wanataja ng'ombe, kama ilivyo ada. Wajomba wa Nanjala wanajadiliana, wanapandisha, wanashusha, soda zinaletwa. Mama mtu amekaa kwenye kiti cha pembeni, hajasema neno tangu asubuhi. Ng'ombe wanapofika idadi ya kukubalika, anauliza kwa upole wanatoka wapi. Elburgon, anaambiwa, wa gredi, wananyonyesha. "Hao ni wangu tayari," anasema. "Wamekula nyasi yangu tangu 1993."

Babake Daudi anajibu nini? Kuna rasimu mbili. Katika ya kwanza mzee anasimama, anaomba msamaha mbele ya wote, anaahidi nusu ya shamba. Katika ya pili anauliza kama zuio linaweza kuondolewa kwanza ndipo mazungumzo yaendelee, Daudi anamwambia "La, baba," na wajomba wanaomba waahirishe mpaka mwezi ujao. Mwandishi anaelekea ya kwanza. Mchapishaji aliyemsikiliza naye anaipenda. Mimi nimemwandikia kwamba ya pili ndiyo yenye mzee niliyemfahamu tangu sura ya tatu, ingawa inamnyima harusi na huenda ikamnyima mchapishaji pia. Ameahidi kuamua shule zikifungwa.